Je, wajua kwa nini treni za umeme za kusini mwa London hazina nyaya juu yake?

Abiria anayesimama kwenye jukwaa la stesheni ya Clapham Junction, kusini mwa London, huona treni za umeme zikipishana mchana kutwa bila waya wowote juu ya mabehewa. Umeme wenyewe uko chini, katika reli ya tatu iliyolazwa juu ya vihami kando ya zile mbili zinazobeba magurudumu, na treni huuchukua kwa kipande cha chuma kinachoteleza juu ya reli hiyo, ambacho mafundi hukiita kiatu.

Kwa miaka mingi niliamini kwamba sababu ni umri tu: kwamba reli ya tatu ni ufundi wa kale, nyaya za juu ni za kisasa, na watu wa kusini mwa Uingereza waliharakisha kabla ufundi bora haujapatikana. Ni maelezo yanayoingia akilini, na yana chembe ya ukweli, kwa kuwa treni ya chini ya ardhi ya London ilitumia reli ya tatu tangu mwaka 1890, na njia ya Liverpool hadi Southport ikafuata mwaka 1904. Hata hivyo, kwa njia za vitongoji zinazozungumziwa hapa, mambo yalikwenda kinyume kabisa. Tarehe 1 Desemba 1909, kampuni ya London, Brighton and South Coast Railway, iliyokuwa ikipoteza abiria kwa tramu za umeme, ilianzisha treni za umeme kati ya stesheni za Victoria na London Bridge jijini London, na treni hizo zilipata umeme kutoka kwenye nyaya za juu zenye volti 6,700 za mkondo geu (AC, unaogeuza mwelekeo wake mara kwa mara). Jirani yake, London and South Western Railway, ndiyo iliyochagua reli ya tatu yenye volti 600 za mkondo mnyoofu (DC, unaokwenda upande mmoja tu), nayo ilianza mwaka 1915, yaani miaka sita baadaye. Nyaya ziliendelea kutandazwa hadi vitongoji vya Sutton na Coulsdon mnamo Aprili 1925, mwaka mmoja tu na miezi michache kabla ya kutangazwa kwamba zote zitang'olewa. Kwa hiyo reli ya tatu haikuwakuta watu wasiojua nyaya. Iliwakuta wanazo, ikaziondoa.

Uamuzi huo unashangaza zaidi mtu akielewa tofauti ya volti. Tuwafikirie mahamali wanaopeleka magunia ghalani kupitia kichochoro chembamba. Volti ni uzito anaobeba kila hamali, na mkondo, unaopimwa kwa ampea, ni wingi wa mahamali wanaopita kwa wakati mmoja. Shehena ileile inaweza kufikishwa na mahamali kumi wenye mizigo mizito au na mia moja wenye mizigo midogo, lakini mia moja watasukumana, watakwaruza kuta na kutoka jasho. Jasho hilo ndilo joto linalopotea njiani, nalo haliongezeki sawasawa na idadi yao: mkondo ukizidi mara kumi katika waya uleule, upotevu huzidi mara mia. Treni inayohitaji kilowati 600 huvuta ampea 1,000 kwa volti 600, ilhali kwa volti 6,700 ingevuta takriban 90 tu. (Mfano wa mahamali una kikomo chake, kwa kuwa reli ya tatu si kichochoro chembamba bali chuma kinene, na unene huo hupunguza hasara.) Ndiyo maana reli ya tatu hudai vituo vya kupoza umeme kila baada ya kilomita chache.

Mwaka 1923 kampuni za kusini ziliunganishwa kuwa Southern Railway, ambayo punde ikawa chini ya meneja mkuu mmoja, Herbert Walker, aliyetoka London and South Western Railway, ile kampuni ya reli ya tatu. Kufikia 1926 mtandao wa reli hiyo ulikuwa mkubwa kuliko ule wa nyaya, na kuitandaza hakukuhitaji nguzo wala kuinua madaraja. Ilitosha kuifunga kwenye ncha za mataruma. Kuuita uamuzi huo kosa ni kuupima kwa bei na vifaa vya leo, ingawa gharama yake inaonekana: barafu huifunika reli, kiatu hutoa cheche, na anayekanyaga njia yumo hatarini. Tangu mwaka 1956 Uingereza ilichagua volti 25,000 za nyaya za juu kwa njia zake mpya za umeme, kiwango kilekile kinachoendesha treni za SGR nchini Tanzania, lakini kusini reli ya tatu ilikuwa imeshafika mbali mno kung'olewa.

Treni ya mwisho ya nyaya ilipita Septemba 1929. Mabehewa yaliyozindua njia ya Victoria hadi London Bridge hayakutupwa: yalivuliwa vifaa vya kupokelea umeme juu ya paa, yakavishwa viatu, yakarudishwa kwenye njia ileile, na huko yaliendelea kubeba abiria hadi mwaka 1954.