Macho ya mtoto aliyezaliwa na tatizo la moyo: maswali na majibu

Katika kila watoto 100 wanaozaliwa hai, mmoja hivi huzaliwa moyo wake ukiwa na hitilafu. Mzazi akishapewa habari hiyo, akili yote huhamia kifuani mwa mtoto, na ndivyo inavyotarajiwa. Maswali yafuatayo yanahusu kiungo ambacho husahaulika katika pilikapilika hizo.

Mwanangu ana tundu kwenye moyo. Kwa nini tumeandikiwa kwenda kwa daktari wa macho?

Tundu la moyo peke yake kwa kawaida halidhuru jicho. Sababu iko nyuma zaidi, katika wiki za mwanzo za ujauzito, ambapo moyo na macho hujengwa kwa wakati mmoja: takriban wiki 4 baada ya mimba kutungwa, moyo unaanza kupiga na vichipukizi vya macho vimekwisha kujitokeza, na mara nyingi mama mwenyewe hajajua kwamba ni mjamzito. Jambo lolote linalovuruga ujenzi katika siku hizo, liwe maambukizi au hitilafu ya vinasaba, linaweza kuacha alama sehemu zote mbili. Kwa hiyo daktari anayekuta tatizo la moyo hujiuliza kama lina mwenzake. Watoto wengi wenye tundu dogo lisiloambatana na jambo jingine hukutwa na macho mazima, na barua ya rufaa isichukuliwe kuwa hukumu.

Nilipata homa ndogo na vipele mimba ikiwa changa. Je, inahusika?

Inaweza kuhusika, na ni vyema ukalisema hata kama hujaulizwa, kwa sababu maelezo hayo yanafanana na rubela. Ugonjwa huu kwa mtu mzima hupita kama mafua yenye vipele, wala wengi hawaendi hospitali. Kwa mimba changa ni jambo jingine kabisa: mama akiambukizwa katika wiki za mwanzo, uwezekano wa virusi kumfikia mtoto tumboni unakaribia asilimia 90.

Uhusiano huo uligunduliwa kupitia macho. Mwaka 1941 daktari wa macho wa Sydney, Australia, Norman McAlister Gregg, aliona watoto wachanga wengi kupita kawaida wakiletwa na mtoto wa jicho, yaani ukungu mweupe ndani ya lenzi, na alipowahoji mama zao alikuta kwamba karibu wote walikuwa wameugua rubela mwanzoni mwa ujauzito. Wengi wa watoto hao walikuwa pia na matatizo ya moyo, na baadaye ikadhihirika kwamba uziwi ni sehemu ya ugonjwa huohuo. Katika moyo, kinachoonekana mara nyingi ni mrija unaounganisha mshipa mkuu wa damu na mshipa wa mapafu, ambao hupaswa kujifunga siku chache baada ya kuzaliwa lakini hubaki wazi, au mshipa wa mapafu wenyewe kuwa mwembamba. Katika jicho, mbali na mtoto wa jicho, kunaweza kuwa na presha ya jicho, jicho dogo kuliko kawaida, au madoadoa kwenye retina, yaani utando wa nyuma ya jicho unaopokea picha, yanayofanana na chumvi iliyochanganywa na pilipili manga.

Kwa hiyo mtoto mchanga mwenye mtoto wa jicho na moyo wenye sauti isiyo ya kawaida apimwe rubela na apimwe masikio pia. Familia ifahamu vilevile kwamba mtoto akikutwa na rubela anaweza kuendelea kutoa virusi kwa mwaka mzima au zaidi, hivyo wajawazito wasio na kinga wasimhudumie. Tanzania ilianza kutoa chanjo ya surua na rubela mwaka 2014 na Kenya mwaka 2016, mtoto akichomwa akiwa na miezi 9 na tena miezi 18. Mama aliyekwisha kujifungua na hana kinga anaweza kuomba ushauri wa kuchanjwa kabla ya ujauzito mwingine. Wakati wa ujauzito chanjo hiyo haitolewi.

Mtoto wangu ana sindromu ya Down. Tayari anahudhuria kliniki ya moyo. Macho nayo yana haraka gani?

Karibu nusu ya watoto wenye sindromu ya Down, yaani waliozaliwa na kromosomu moja ya ziada, huzaliwa na tatizo la moyo, na zaidi ya nusu hupata tatizo la macho katika utoto wao: makengeza, macho yanayochezacheza bila kutulia, vijia vya machozi vilivyoziba, mtoto wa jicho, na zaidi ya yote uhitaji wa miwani. Macho yachunguzwe kabla hajatimiza miezi 6, kisha aendelee kufuatiliwa katika miaka yote ya utoto hata kama uchunguzi wa kwanza haukuonyesha kitu. Wengi wao hushindwa kuona vizuri vitu vya karibu, na miwani yenye lenzi za sehemu mbili imewasaidia watoto ambao walimu walikuwa wamekwisha kuamua kwamba ni wazito wa kujifunza. Hili la walimu linaniuma kidogo, kwa kuwa mtoto asiyeiona herufi hawezi kulaumiwa kwa kutoisoma.

Familia yenye watu warefu mno, wenye mikono na vidole virefu, iulize pia kuhusu sindromu ya Marfan, ugonjwa wa kurithi ambao hutanua mshipa mkuu wa damu na kuifanya lenzi ya jicho iteleze kutoka mahali pake.

Midomo na kucha zake hugeuka rangi ya bluu. Je, macho yanakosa oksijeni?

Kwa mtoto ambaye damu isiyo na oksijeni ya kutosha inapita moja kwa moja kwenda mwilini, mishipa ya retina hutanuka na kupindapinda, na daktari huiona vizuri akimulika ndani ya jicho. Mara nyingi hali hiyo haipunguzi uwezo wa kuona. Hatari hutokea damu inapokuwa nzito kupita kiasi, kwa kuwa mwili hutengeneza chembe nyekundu nyingi ili kufidia upungufu, na damu nzito huganda kwa urahisi. Kuharisha, kutapika na joto kali bila kunywa maji huzidisha hatari hiyo.

Jambo moja lisisubiri kliniki ya mwezi ujao: mtoto wa namna hii akipata ghafla makengeza ambayo hakuwa nayo, au akapoteza uwezo wa kuona, hasa akiwa na homa, maumivu ya kichwa au kutapika, apelekwe hospitali siku hiyohiyo, kwa kuwa huenda ana jipu kwenye ubongo au damu iliyoganda.

Nyumbani niangalie nini?

Mtoto wa miezi 2 hutazama uso wa mama, na wa miezi 3 hufuata kitu kinachosogezwa mbele yake. Macho kukengeuka mara mojamoja katika miezi hiyo ya mwanzo si ajabu. Yakiendelea baada ya mwezi wa 4, apelekwe. Mtoto mwenye mboni nyeupe apelekwe bila kuchelewa, maana inaweza kuwa mtoto wa jicho au hata saratani ya jicho. Picha ya simu iliyopigwa kwa mwanga mkali wakati mwingine huonyesha mboni ya jicho moja ikiwa nyekundu, kama kawaida, na ya jingine nyeupe. Picha hiyo ipelekwe kwa daktari, ila picha nzuri isiwatulize wazazi wenye wasiwasi.

Tumeambiwa tusubiri moyo utengemae kwanza. Je, macho hayatachelewa?

Yanaweza kuchelewa. Kuona ni kazi ya ubongo, nao hujifunza kazi hiyo katika miezi na miaka ya mwanzo. Jicho lisilopeleka picha safi katika kipindi hicho ubongo hulizoea kulipuuza, likawa jicho vivu, na ukungu ukiondolewa mtoto akiwa na miaka 5 lenzi itakuwa safi lakini uoni hautarudi wote. Ukungu mzito wa lenzi ambao mtoto amezaliwa nao huondolewa vyema kati ya wiki ya 6 na ya 10.

Hata hivyo, mtoto hulazwa usingizi kwa upasuaji huo, na moyo dhaifu unaweza usihimili. Ni lazima madaktari wa pande mbili waketi pamoja pamoja na mtaalamu wa usingizi, wapime lipi litangulie. Dar es Salaam, Taasisi ya Moyo Jakaya Kikwete ipo jirani na Hospitali ya Taifa Muhimbili, na upasuaji wa macho ya watoto hufanyika pia katika hospitali ya CCBRT, na Moshi hufanyika katika hospitali ya KCMC. Umbali si kisingizio cha wataalamu kutowasiliana. Mzazi ana haki ya kuuliza: “Daktari, mwenzako wa macho anajua hili?” Na moyo ukisubiriwa, uchunguzi wa macho, miwani na kuziba jicho zuri kwa saa alizoagiza daktari ili lile vivu lifanye kazi havihitaji usingizi, hivyo vinaweza kuanza mapema.

Matone ya macho yana madhara kwa moyo?

Baadhi yanayo, kwa sababu dawa hushuka kupitia kijia cha machozi hadi puani na kuingia kwenye damu. Timololi, inayotumika kwa presha ya jicho, inaweza kupunguza mapigo ya moyo na kubana kifua; fenilefrini ya kutanua mboni huongeza shinikizo la damu, na kwa watoto hutumika iliyozimuliwa. Tone moja latosha. Baada ya kulidondosha, bonyeza polepole pembe ya jicho iliyo upande wa pua kwa dakika moja au mbili, kisha futa kilichomwagikia shavuni. Dawa za moyo nazo zinaweza kugusa macho: mtoto anayetumia digoksini akisema vitu vinaonekana vya njano, huenda kipimo kimezidi, na daktari wa moyo aambiwe siku hiyo. Kwa sababu hii, kila kliniki ipelekewe orodha ya dawa zote, matone yakiwemo, hata yale yaliyonunuliwa duka la dawa bila cheti.