Ukihama Mwajiri Victoria, Miaka Yako ya Utumishi Inahama Nawe

Ndugu zetu wengi hapa Melbourne, jimbo la Victoria, Australia, wanaohudumia watu wenye ulemavu huniuliza: "Nimehama kampuni, je, miaka yangu ya kuhesabiwa likizo ndefu imekwenda na maji?" Mara nyingi haijaenda popote, ila hawajaambiwa.

Australia ina likizo ndefu ya kulipwa kwa mtu aliyetumikia miaka mingi. Asili yake ni ya kikoloni: karne ya 19, watumishi wa serikali wa Victoria na South Australia walipewa muda wa kutosha kupanda meli, wakasalimie kwao Uingereza na kurudi. Baadaye ikawafikia wafanyakazi wengine, kwa sharti kwamba uwe umedumu kwa mwajiri mmoja.

Sekta yetu na sharti hilo haviivi chungu kimoja. Huduma za jamii huendeshwa kwa fedha za serikali na mikataba mifupi. Mkataba unakwisha, shirika jingine linashinda zabuni. Kesho yake unaingia nyumba ileile, unamwogesha mteja yuleyule, unamtengenezea chai ileile isiyo na sukari. Kilichobadilika ni nembo kwenye fulana yako. Lakini katika hesabu ya likizo, mara nyingi ulirudishwa sifuri.

Mafundi ujenzi walianza kupata ufumbuzi tangu miaka ya 1970: utumishi wao ukahesabiwa katika sekta nzima, si kwa mwajiri mmoja. Sisi tulingoja sana, na sidhani ni bahati mbaya tu, maana kazi yetu hufanywa zaidi na wanawake. Canberra ilianza 2010. Victoria ilipitisha sheria yake 2018, ikaanza kutumika 1 Julai 2019, ikiwachukua pia walinzi na wafanya usafi wa mikataba. Queensland ikafuata Januari 2021, New South Wales Julai 2025.

Victoria inafanya hivi. Kila robo mwaka mwajiri anapeleka taarifa za kazi na mshahara wako kwa Portable Long Service Authority, yaani Mamlaka inayotunza hesabu ya likizo hii, yenye ofisi Bendigo, pamoja na tozo. Kwa huduma za jamii tozo hiyo imekuwa asilimia 1.65 ya mshahara wa kawaida. Anayeilipa ni mwajiri. Ukiiona imekatwa kwenye slipu yako, uliza, tena kwa maandishi. Waliozoea NSSF kule nyumbani wataelewa haraka: mwajiri anabadilika, namba yako inabaki.

Unapata wiki moja kwa kila wiki 60 za utumishi. Likizo yenyewe unaiomba ukitimiza miaka 7, ambayo ni kama wiki 364. Gawa kwa 60, zinatoka wiki 6 na ushee. Aliyeanza kuhesabiwa siku ile ya kwanza, 1 Julai 2019, anatimiza miaka 7 Julai 2026. Kibarua naye yumo, hata wa zamu mbili kwa wiki, ingawa malipo yake yatalingana na mshahara wake. Na ukiwa bado kazini katika sekta, hii ni likizo kweli. Si akiba ya kuchota ukibanwa na kodi ya nyumba.

Sasa fungua akaunti yako ya Mamlaka uangalie majina. Mwajiri mmoja amekuandika Hassan Juma, mwingine Juma Hassan, wa tatu kaongeza jina la babu. Hapo utumishi wako unaweza kugawanyika kwenye rekodi mbili, na hakuna hata moja inayofika miaka 7. Wapigie Mamlaka wakuunganishie kabla hujaomba likizo, na slipu za waajiri wote uwe nazo mkononi.