Jengo la mawe la enzi za Victoria si mawe matupu

Wengi wakiziona ofisi kongwe za Liverpool au Manchester, zilizojengwa Uingereza enzi za Victoria (1837–1901), huamini kuwa ni mawe kuanzia nje hadi ndani, na kwamba kuta hizo nene ndizo zinazobeba kila kitu. Dhana hiyo inaeleweka, maana mbele huoni kingine.

Mara nyingi, hata hivyo, jiwe ni la uso tu. Mawe ya kuchongwa yalikuwa ghali, hivyo mafundi waliyapanga upande wa barabarani na nyuma yake wakajenga ukuta wa matofali. Ndani, mzigo wa sakafu ulibebwa na nguzo za chuma na boriti, na katikati ya boriti kukapinda matao mafupi ya matofali ili kuzuia moto usipande ghorofa. Oriel Chambers, jengo la ofisi la Liverpool la mwaka 1864, ni mfano mzuri: nguzo zake nyembamba za mawe zimezungukwa na madirisha makubwa yaliyochomoza, kwa sababu ndani kuna fremu ya chuma.

Ukitaka kuhakikisha, usisimame mbele. Ingia uchochoroni, utazame kona: mara nyingi mawe hukatika ghafla na matofali yakaanza, wakati mwingine meupe yenye kung'aa, yaliyowekwa kurudisha mwanga kwenye vyumba vya nyuma. Ukiruhusiwa kushuka chini ya ardhi, tafuta nguzo ya mviringo iliyopakwa rangi. Igonge kwa kidole, usikie kama ni chuma.