Mgambo: tunavyowadhania na walivyo

"Mgambo ni wale wanaokimbizana na machinga." Dhana hii huniuma kuliko zote. Wale wa mjini ni watumishi wa halmashauri, na wengi wao kweli walipitia mafunzo ya mgambo. Lakini mgambo wenyewe, yaani Jeshi la Akiba, ni wakulima, mafundi na waendesha bodaboda waliofundishwa na JWTZ, jeshi la Tanzania, kisha wakarudi kwenye shughuli zao. Idi Amin alipovamia Kagera mwaka 1978, maelfu ya watu wa namna hiyo walikwenda vitani. Wapo ambao hawakurudi.

"Akishaingia kwenye mafunzo, amri inatosha." Haitoshi. Kuruta wa mgambo hana mshahara. Mara nyingi hulala kwake, anakuja uwanjani alfajiri akiwa ameacha shamba na watoto, na hali hiyo huendelea kwa miezi minne hivi. Ndiyo maana wanaohitimu huwa wachache kuliko walioanza, na sababu inayotajwa ni utoro. Watu husema ni uvivu. Mimi huuliza: mafunzo yalianza lini? Yakianza mvua za kwanza zinaponyesha, kijana amelazimishwa kuchagua kati ya kwata na chakula cha mwaka mzima cha nyumba yake. Mshauri wa mgambo wa wilaya, yaani afisa anayesimamia mafunzo hayo, anayekaa kwanza na watendaji wa vijiji, wakapanga kuanza baada ya mavuno, hahitaji kumfokea mtu. Na mkufunzi akisema saa kumi na mbili, awepo saa kumi na mbili. Asiyelipwa huona haraka kama muda wake unaheshimiwa.

"Wanafuata ajira tu." Ajira wanaitaka, tena kwa haki, risala zao mbele ya mkuu wa wilaya huiomba mara kwa mara. Kosa ni kuwaahidi usichokuwa nacho. Waelezwe siku ya kwanza kwamba cheti kitawasaidia wakiomba kazi kwenye kampuni za ulinzi, ila chenyewe si barua ya kazi.

"Akihitimu, yametosha." Kwata na shabaha bila mazoezi hupotea. Vivyo hivyo huduma ya kwanza na uokoaji, ambavyo kijiji kinavihitaji mafuriko yakija. Kila kata iwe na daftari: nani alihitimu, anaishi kitongoji gani, anapatikana kwa simu ipi, anajua ufundi gani. Siku ya maji kujaa, aitwe kwa jina lake, na chakula cha siku hiyo kiwe kimeandaliwa.