Prosesa Kuingia Kwenye Soketi Si Dalili Kwamba Itawaka

"Soketi ni ileile, kwa hiyo itakubali." Tafadhali, tuache kuambizana hivi tunapobadilisha prosesa; soketi ni kikalio chake tu kwenye bodi kuu ya kompyuta. Watu wanapoteza hela kwa sababu ya sentensi hiyo moja.

Nianze na Intel, maana huko ndiko inakoumiza zaidi. Prosesa za kompyuta za mezani za kizazi cha 6 na cha 7 hutumia soketi ya LGA 1151. Za kizazi cha 8, zilizotoka 2017, nazo ni LGA 1151, ukubwa uleule na idadi ileile ya pini. Lakini baadhi ya pini zilizokuwa za akiba zilipewa kazi ya kupitisha umeme, na bodi ikatakiwa iwe ya chipseti (chipu kuu inayoratibu bodi) za mfululizo wa 300. Weka Core i5-8400 kwenye bodi ya H110, chipseti ya mfululizo wa 100: itakaa vizuri, kifuniko kitafunga, na kompyuta haitawaka. Wapo wanaochezea BIOS (programu ya bodi inayoiwasha kompyuta) na kuziba pini ili ikubali. Mashine ya kazi usiifanyie hivyo.

AMD waliishikilia soketi yao ya AM4 miaka mingi. Bodi nyingi za chipseti ya B350 za 2017, zilizotoka pamoja na prosesa za Ryzen 1000, zinabeba hata Ryzen 5 5600. Sharti ni BIOS, na hapa naomba usome polepole. BIOS ya zamani haiijui prosesa mpya: feni zitazunguka, taa zitawaka, monita itabaki nyeusi, na mwenye kompyuta ataapa kwamba ameuziwa prosesa mbovu. BIOS husasishwa wakati prosesa ya zamani bado iko mahali pake, isipokuwa bodi yako iwe na kitufe cha kusasisha bila prosesa.

Soma jina kamili la bodi kwenye bodi yenyewe, pamoja na namba ya toleo lake (rev. 1.0 na rev. 2.0 zinaweza kuhitaji faili tofauti). Tafuta orodha ya prosesa kwenye ukurasa wa mtengenezaji. Mbele ya kila prosesa kuna toleo la BIOS linaloanza kuikubali. Kisha soma maelezo ya toleo hilo, kwa sababu mengine hudai upitie toleo la kati kwanza. Na kuna jambo linalorukwa sana: chipu ya BIOS kwenye bodi nyingi za zamani ni ya MB 16 tu, kwa hiyo ili prosesa mpya zipate nafasi, baadhi ya za zamani zilitolewa, hasa zile za AMD za A-series. Ukishasasisha, huenda ya zamani isiwake tena. Uwe na mpya mkononi kabla ya kuanza.

Faili ya BIOS iweke kwenye flashi iliyofomatiwa kwa FAT32, usasishe ukiwa ndani ya BIOS, si ndani ya Windows, na umeme usikatike. Kama diski ina BitLocker (ulinzi wa Windows unaofunga diski kwa ufunguo), isimamishe kwanza na uwe na ufunguo wake wa dharura.

Sasa umeme wa bodi, ambao orodha zile haziuelezi vya kutosha. Ryzen 5 5600 imeandikwa wati 65, lakini inaruhusiwa kuvuta hadi 76. Ryzen 9 5950X imeandikwa 105, inafika 142. Bodi ya A320 isiyo na kipoza joto juu ya saketi za kulisha prosesa inaweza kuwemo kwenye orodha, ikawaka, kisha ikapunguza kasi kila kazi nzito inapodumu. Kuwemo kwenye orodha hakuniridhishi, na kwa bodi hafifu sivuki wati 65.

Ukitoka Ryzen 3 2200G kwenda 5600 utahitaji kadi ya picha, kwani 5600 haina picha za ndani. B350 itabaki PCIe 3.0, toleo la zamani la njia zinazounganisha kadi na SSD kwenye bodi. SSD haitakusumbua, ila kadi kama RX 6500 XT, yenye njia nne tu, itapungua nguvu.

Kabla ya kung'oa kipoza joto cha AM4, ipe kompyuta kazi nzito dakika chache ili pesti ya kupitisha joto iliyo kati yake na prosesa ilainike, izime, kata umeme, kisha zungusha kipoza taratibu kabla ya kukiinua. Ukivuta moja kwa moja, prosesa inaweza kutoka nacho na pini zikapinda.

Ukiwasha mara ya kwanza, subiri dakika kadhaa; bodi inapima RAM. Ikibaki nyeusi, futa CMOS (mipangilio ya BIOS iliyohifadhiwa kwenye bodi), acha kijiti kimoja cha RAM kwenye nafasi ya pili kutoka kwenye prosesa, na ujaribu tena.