Hapana, si urea iliyoua shamba la babu yako

Nikisema kazi yangu ni utafiti wa udongo, watu hunijibu kwa njia mbili. Wapo wanaoniuliza papo hapo ekari zao za Kibaigwa zinafaa zao gani, kana kwamba nimezibeba mfukoni. Wengine, na hawa ndio wengi, hutikisa kichwa kwa huzuni: "Mtaalamu, ardhi yetu imekufa. Hizi mbolea za chumvichumvi zimeimaliza." Nimeyasikia kwenye daladala, kwenye vikao vya harusi, msibani, na juzi nikayasikia tena kwenye semina, yakitoka kwa mtu aliyeshika kipaza sauti na kulipwa posho. Sasa naandika mara moja, ili siku nyingine nitume kiungo tu na kunywa chai yangu.

Tuanze na hesabu nyepesi. Mwaka 2006 wakuu wa nchi za Afrika walikutana Abuja wakakubaliana kupandisha matumizi ya mbolea hadi kilo 50 za virutubisho kwa hekta ifikapo 2015. Wakati huo wastani wa kusini mwa Sahara ulikuwa kama kilo 8. Nane! Lengo halikufikiwa, na Mei 2024 wakakutana tena Nairobi kwa ajenda ileile, safari hii wakiongeza afya ya udongo. Kilo nane zinauaje bara zima? Najua wastani huficha mengi. Wapo wakulima wa Njombe na Mbozi wanaoweka mbolea kila msimu bila kukosa, na nitawarudia. Lakini mashamba mengi ninayoambiwa "yameuawa na mbolea" hayajawahi kuonja mfuko mzima.

Ukitaka kuona ardhi iliyoharibika kwelikweli, nenda Kondoa. Makorongo ya kule yalitisha kiasi kwamba mwaka 1973 serikali ilianzisha mradi wa Hifadhi Ardhi Dodoma, HADO, na mwaka 1979 mifugo yote ikaondolewa katika eneo lile la milima ya Irangi. Yote! Watu walihamisha ng'ombe, mbuzi, kondoo na punda. Hiyo ilikuwa hatua kali, na mpaka leo tunabishana kama ilikuwa ya haki. Ila hakuna mtu mwenye akili zake aliyesimama kwenye kingo za korongo lile akasema hii ni kazi ya urea. Waliopima umri wa tabaka za udongo uliosombwa na kutua bonde la Haubi wamekuta mmomonyoko wa karne nyingi kabla ya mkoloni, sembuse kabla ya duka la pembejeo.

Sasa tufike kwenye sehemu inayoniudhi zaidi, kwa sababu ina ukweli ndani yake.

Watu husema "mbolea" kana kwamba ni kitu kimoja. SA (salfeti ya amonia), urea, CAN (naitreti ya amonia yenye chokaa), DAP (ya naitrojeni na fosforasi), NPK (ya naitrojeni, fosforasi na potasiamu), Minjingu (ya mwamba wa fosfeti), zote kwenye kapu moja. Mbolea yenye naitrojeni ya amonia huacha tindikali inapogeuzwa na bakteria wa udongoni kuwa naitreti. Hilo si siri, liko kwenye kila kitabu cha mwaka wa pili. Naitreti isipochukuliwa na mizizi huteremka na maji ya mvua, na haiteremki peke yake. Huondoka na kalsiamu na magineziamu. Kinachobaki ni haidrojeni, yaani uchachu wenyewe, na pH (kipimo cha uchachu: namba ikishuka, uchachu umepanda) ikishuka chini ya 5.5 hivi, alumini huanza kuyeyuka na kuchoma ncha za mizizi. Mahindi hudumaa, maharage ndiyo kabisa. Mkulima anaona mbolea anaweka na mavuno yanashuka. Macho yake hayamdanganyi.

Lakini tazama tofauti. Kila kilo moja ya naitrojeni iliyotoka kwenye SA huhitaji kama kilo 5.4 za chokaa kuifuta tindikali yake. Kilo hiyohiyo ikitoka kwenye urea huhitaji kama 1.8, theluthi tu. CAN imechanganywa na chokaa tangu kiwandani, na athari yake ni ndogo mno. Kwa hiyo mtu aliyekuzia kwa SA miaka kumi na tano kwenye udongo mwekundu wa nyanda za juu kama za Njombe na Mbozi, mahali mvua ni nyingi na udongo wenyewe ulikuwa na uchachu tangu enzi za mababu, anayo haki ya kulalamika. Alalamikie SA isiyofuatwa na chokaa. Akisema "mbolea" anamsukuma jirani yake aache hata CAN, na huyo jirani anapata gunia nne kwa ekari kisha anafyeka msitu mwingine. Huo ndio uharibifu wa ardhi ninaoujua mimi.

Uthibitisho mzuri uko mbali na kwetu, na ni mzee. Huko Rothamsted, kituo cha utafiti wa kilimo cha Uingereza, kuna shamba la majani liitwalo Park Grass, lililoanzishwa mwaka 1856. Vipande vilivyopewa SA bila chokaa vimeshuka mpaka pH chini ya 4, na mimea iliyobaki ni ya aina chache tu. Vipande vya jirani, vilivyopata naitrojeni kwa umbo la naitreti ya sodiamu, havikupata balaa hilo. Kirutubisho kilekile, ardhi ileile, mvua ileile. Hapohapo Rothamsted kuna Broadbalk, shamba la ngano tangu 1843, na vipande vya mbolea ya viwandani bado vinavunwa. Nakiri kwamba udongo wa Broadbalk ulishalishwa chokaa tele zamani, na baadaye ukawekewa tena. Ndilo hasa ninalolisema.

Halafu kuna hili la "udongo umezoea". Ukianza mbolea, wanasema, udongo unakuwa teja, ukiacha hupati kitu. Naomba tupige hesabu pamoja. Ekari moja imekupa gunia 15 za mahindi, yaani tani moja na nusu. Punje hizo peke yake zimeondoka na kilo 22 hivi za naitrojeni. Mfuko mmoja wa urea una kilo 23. Inaonekana mmelingana, sivyo? Sasa kumbuka kwamba mmea mara nyingi haupati hata nusu ya ile urea. Nyingine inapaa hewani ukiirusha juu bila kuifukia, nyingine inazama na mvua. Mabua yamebeba naitrojeni nyingine na sehemu kubwa ya potasiamu, nayo umewalisha ng'ombe wa jirani au umeyachoma. Kwa hiyo hata mwaka ule ulioweka mbolea, shamba lilitoa zaidi ya lilichopewa. Ulipoacha, umekuta ghala tupu. Mbolea ilikuchelewesha tu usione.

Samadi? Naipenda samadi, na mezani kwangu siku zote utakuta kopo lake limeandikwa tarehe. Ila wapenzi wa samadi nao hawapigi hesabu. Samadi ya zizi la kwetu, iliyolala nje bila paa na kuchanganyika na mchanga, mara nyingi haifiki hata asilimia moja ya naitrojeni. Tani nzima ni chini ya kilo 10, na msimu wa kwanza inaachia sehemu tu. Nani ana tani tatu kwa ekari, na nani anazibeba mpaka shamba la mlimani? Tena samadi haizalishi virutubisho. Ng'ombe amevila kwenye malisho akaja kuvimwaga kwako. Malisho yale nayo yana mwenyewe. Changanya samadi na mbolea ya dukani, rudisha mabua, panda mikunde katikati. Nimesema haraka kwa sababu mabwana shamba wamelisema vizuri kuliko mimi, na anayebisha hili simjui.

Sasa upande wangu, maana nisijifanye nabii.

Kabete, nje kidogo ya Nairobi, kuna jaribio lililoanza mwaka 1976: vipande vya mbolea, vya samadi, vya mabua, na vya mchanganyiko. Mradi wetu wa kawaida hudumu miaka mitatu au minne, na mboji huhitaji miaka kumi na zaidi kuonyesha inaelekea wapi, kwa hiyo jaribio la namna hiyo tunaliheshimu kama mzee wa ukoo. Nalo limetoa jibu lisilompendeza mtu yeyote: kaboni ya udongo, ambayo ndiyo kipimo cha mboji, imeshuka kwenye vipande vyote. Samadi pamoja na mbolea imepunguza kasi ya kushuka, haikuizuia. Kwa nini? Tuna majibu ya kutosha kujaza warsha: kulima, joto, kiwango cha kuanzia kilichokuwa cha juu kwa sababu ardhi ilikuwa imepumzika. Ukinibana nikwambie ni kipi hasa, nitaomba maji ya kunywa.

Na hata hiyo kaboni tunaipimaje? Maabara nyingi za kwetu bado zinatumia njia ya Walkley na Black ya mwaka 1934. Njia hiyo haiunguzi kaboni yote, kwa hiyo tunazidisha jibu kwa 1.3 hivi, tukidhani kwamba kila udongo umeunguzwa kwa kiwango kimoja. Si kweli, na sote tunajua si kweli, na kesho asubuhi nitazidisha tena.

Kuna takwimu nyingine iliyotembea sana: kwamba mashamba ya Afrika hupoteza kila mwaka kilo 22 za naitrojeni, 2.5 za fosforasi na 15 za potasiamu kwa hekta. Ni makadirio ya mwaka 1990, ya watafiti Stoorvogel na Smaling, na nimeyatumia kwenye maandiko ya kuombea fedha kama kila mtu. Lakini mmomonyoko humo umekadiriwa kwa milinganyo, na udongo unaotoka shambani kwangu haupotei duniani. Unatua bondeni. Geoffrey Milne, mtaalamu wa udongo, akiwa kituo cha utafiti cha Amani kule Usambara miaka ya 1930, alionyesha jinsi udongo unavyobadilika kwa mpangilio uleule kutoka kilele mpaka bonde, na Wasukuma walikuwa na majina ya udongo huo kabla Milne hajazaliwa: luseni juu, itogolo katikati, mbuga chini. Luseni ikisombwa mbuga inanenepa, na mpunga wa mbugani unalisha watu. Je, ardhi imeharibika au imehama? Inategemea shamba lako liko wapi kwenye mteremko, na ramani nyingi za uharibifu hazikuulizi.

Basi, kabla hujamlaumu muuza pembejeo, pima pH. Usinunue chokaa kwa kusikia, maana tani mbili kwa hekta ni gharama ya lori, na kwenye udongo wa pH 6.5 umetupa hela, pengine na zinki, ambayo mmea unaihitaji, ikawa haipatikani. Ikiwa ni chini ya 5.5, chokaa ya kilimo kwanza, na mbolea ya kukuzia ihame kutoka SA kwenda CAN. Ikiwa tindikali ipo na fosforasi hakuna, Minjingu inafanya kazi vizuri hapohapo, kwa sababu tindikali ndiyo inayoiyeyusha. Kwenye mashamba ya umwagiliaji yenye magadi meupe juu, kama baadhi ya maeneo ya tambarare za chini za Moshi, haya yote sahau. Tatizo lako ni maji yasiyo na pa kutokea, tuongee siku nyingine.

Na sampuli zenyewe jamani. Chukua sehemu kumi na tano hivi, kwa zigizaga, kina cha sentimita 20, changanya, gawa, nusu kilo inatosha. Usichote chini ya mwembe, wala pale zizi lilipokuwa zamani, wala kwenye kichuguu. Tenga luseni na mbuga, usizichanganye. Anika kivulini. Na ndoo ya kuchanganyia iwe safi: wiki iliyopita nimeletewa udongo ndani ya mfuko wa DAP, mwenyewe ananiuliza kwa nini fosforasi ya shamba lake ni ya ajabu namna ile.