Aloi ya nikeli 625 huharibikia karakanani

Chuma cha pua aina ya 316 kikiachwa kwenye maji ya bahari yaliyotuama, kinaweza kutoboka vitundu vidogo mithili ya tundu la sindano huku sehemu nyingine zote zikiendelea kung'aa. Kloridi iliyomo kwenye chumvi ndiyo hupenya utando mwembamba wa oksidi ya kromiamu unaokilinda. Hapo ndipo watu huhamia superaloi za nikeli, yaani michanganyiko ya metali inayostahimili kutu na joto kali, hasa 625.

Katika kila kilo 100 za 625, nikeli ni angalau kilo 58, kromiamu 20 hadi 23, molibdenamu 8 hadi 10, na niobiamu pamoja na tantalamu 3.15 hadi 4.15. Linganisha na 316, ambayo molibdenamu yake ni 2 hadi 3 tu. Kromiamu hujenga utando panapokuwa na oksijeni ya kutosha au asidi ya nitriki. Molibdenamu huzuia vitundu visikue utando unapochanika. Niobiamu huongeza nguvu, tena hukamata kaboni isije ikanyang'anya kromiamu kandokando ya weldi.

Isidhaniwe kuwa inafaa kila mahali. Kwa asidi ya hidrokloriki ya moto, aloi nyingine ya nikeli, C-276, yenye molibdenamu 15 hadi 17, ni salama zaidi. Aloi za jamii ya B, zenye molibdenamu karibu 28, huishinda hata hiyo, lakini hazina kromiamu ya maana: kutu kidogo ya bomba la kawaida ikiyeyukia ndani ya asidi hiyo, aloi hizo huliwa upesi. Na 625 ikikaa muda mrefu kati ya 600°C na 800°C huwa rahisi kuvunjika. Mtambo ukizimwa na kupoa, pigo dogo linaweza kuipasua.

Hata hivyo, hasara nyingi huanzia mikononi mwa fundi. Grisi, mafuta ya kukatia na hata wino wa kalamu ya alama vinaweza kuwa na salfa. Salfa na nikeli hutengeneza mchanganyiko unaoyeyuka karibu na 640°C, wakati aloi yenyewe huanza kuyeyuka karibu na 1290°C. Moto wa kuchomelea ukifika hapo, mipaka kati ya chembe za metali hufunguka na nyufa hutokea. Risasi na zinki nazo zina madhara kama hayo. Kwa hiyo futa kwa asetoni sentimita 5 kila upande wa kiungo kabla ya kuwasha, na usitumie brashi au jiwe la grainda lililowahi kugusa chuma cha kawaida. Tumia waya wa kuchomelea wa ERNiCrMo-3, na ngoja kazi ipoe chini ya 150°C kabla ya kupitisha mstari mwingine wa weldi.

Kwenye mashine ya kukereza, kisu kisisimame kikisugua sehemu moja. Uso hukakamaa papo hapo, na mkato unaofuata humaliza kisu. Kiwe kikali, kizame chini ya tabaka lililokakamaa, na maji ya kupoozea yasikatike.

Bolti nazo zina mtego wake. Flanji (kola ya kuunganishia mabomba) kubwa ya 625 baharini ikifungwa kwa bolti za chuma cha kawaida, bolti ndizo hulika, tena haraka, kwa kuwa eneo lao ni dogo.

Wakati wa kupokea mzigo, sumaku haisaidii, kwani haivuti 316 wala 625. Kipimo cha eksirei cha mkononi hutambua nikeli na molibdenamu kwa sekunde chache. Kaboni hakioni, hivyo kiwango chake kisomwe kwenye cheti cha kiwanda, namba ya tanuri (ya mkupuo wa metali iliyoyeyushwa pamoja) ikilinganishwa na ile iliyogongwa kwenye chuma.